Kwenda kuchuma matufaha na familia: anza na sufuria ndo ubebe ndoo

Kila mwaka vuli ikifika, naongelea ile vuli ya majani kupukutika sio ya mvua, watu wanabeba watoto wanaenda shambani kuchuma matufaha, wanapiga picha weee, wanarudi na mzigo wa kutisha, halafu wiki ya tatu nusu yake ishaoza chini ya meza ya jikoni. Na mi nimo humo. Mara ya kwanza tulienda watu watano tukarudi na kama kilo 30, kisa watoto walikuwa wananogewa na sisi wakubwa tukaona tabu kuwakatiza raha. Tukala mpaka meno yakafa ganzi, tukagawa kwa majirani, yaliyobaki tukayamwaga yote kwenye boksi moja stoo, siku nimekuja kulifungua chini kumegeuka supu. Kwa hiyo mwongozo huu nimeugeuza, unaanzia jikoni ndo unaenda shambani, maana matufaha mengi yanaharibikia palepale kwenye mti, sufuria inasingiziwa tu.

Hatua ya 1: Amua utapika nini, ndo ujue uchume kiasi gani

Chukua karatasi kaeni wote muandike, hata watoto waulize wanataka nini. Tufaha la saizi ya kati lina gramu 150 mpaka 200, kwa hiyo kilo moja ni matufaha matano, sita au saba. Ndoo ya lita 10 ikijaa bila kushindilia inabeba kama kilo 5 hadi 6 hivi. Pai moja ya kulisha watu wanane inakula kilo moja na kidogo. Rojo la tufaha, kilo moja na nusu ya matunda inakupa kama lita 1. Ya kukausha ndo yanakunywa matunda usipime, maana tufaha ni maji karibu asilimia 85, ukikausha kilo nzima ya vipande unabaki na kifuko kidogo ambacho watoto wanakimaliza kwenye gari kabla hamjafika mnakoenda.

Ya kula mabichi piga hesabu kwa siku, watu wanne kila mtu moja kwa siku kwa wiki mbili ni matufaha 56, hapo ni kama kilo 10. Jumlisha na ya kupika, andika namba, iweke mfukoni, mkishafika shambani namba hiyo ndo mkuu wa msafara. Mi siku hizi ndoo zikijaa kwa ile namba tunaacha kuchuma, hata kama mti wa mbele unaita.

Hatua ya 2: Siku na aina

Kaskazini mwa dunia msimu unaanza mwishoni mwa Agosti unaisha mwanzoni mwa Novemba, kusini ni Februari mpaka Mei. Lakini usidhani shamba zima linaiva siku moja. Kila aina ina wiki zake, na hapa ndo watu hawaulizi wakati ndo penye jibu lote. Aina zinazowahi kama Gala na McIntosh ni tamu kula sasa hivi ila hazina subira, hasa McIntosh inalainika mapema. Zinazochelewa kama Fuji, Braeburn na Granny Smith zina nyama ngumu, zikitunzwa vizuri zinakaa miezi.

Kwenye kupika pia hazifanani hata kidogo. McIntosh ukiipika inasambaratika yenyewe, ni nzuri kwa rojo, kwenye pai peke yake inakuwa uji. Bramley, ile ya Waingereza ambayo ukiila mbichi uso unajikunja, nayo inapasuka na kuwa laini kama povu. Granny Smith inashika umbo na uchachu wake unapambana vizuri na sukari, Golden Delicious nayo inashika umbo ila ni tamu kwa hiyo sukari unapunguza. Honeycrisp kwa maoni yangu kuipika ni kuionea, ile raha yake ni kuing'ata juisi ikuchuruzike kidevuni, ukishaipika unaiua. Kwa pai changanya aina mbili, moja chachu moja tamu, ladha inakuwa na kina kuliko aina moja.

Piga simu kabla ya kwenda uulize mambo matatu: aina gani imeiva wiki hii, dawa ilipigwa lini, na kama wanaruhusu ngazi. Nenda asubuhi umande ukishakauka, matunda yaliyolowa yakiwekwa boksini yanaoza haraka. Na mvua ikinyesha usiku mzima ahirisha, tope na watoto utakuja kunikumbuka.

Hatua ya 3: Vya kubeba

Maboksi mapana ya kina kifupi badala ya magunia, maana kwenye gunia ya juu yanaponda ya chini. Magazeti ya zamani au matambaa ya kutandika chini. Kalamu ya wino mzito. Maji ya kunywa, kofia, plasta za vidonda, na viatu vya kufunika vidole, hilo la viatu usilidharau kwa sababu matufaha yaliyoanguka chini yanajaza nyigu wanaokunywa ule utamu, na mtoto akikanyaga pale na ndala jua safari imeishia hapo. Kila mtoto mpe kibegi chake kidogo cha kuning'iniza shingoni, kikijaa anakuja kumimina taratibu, hapo anajiona ana kazi kweli.

Hatua ya 4: Mtini sasa

Watu wengi wanaangalia wekundu. Wekundu unadanganya! Kuna aina zinakuwa nyekundu wiki kadhaa kabla hazijaiva, na Granny Smith inaiva ikiwa kijani. Angalia rangi ya chini, ile iliyo nyuma ya wekundu, hasa karibu na kikonyo. Ikiwa kijani kibichi bado, ikianza kugeuka njano au rangi ya maziwa mgando imeiva. Ukiwa na wasiwasi kata moja katikati uangalie mbegu, nyeupe maana yake subiri, kahawia iliyokolea ni dalili nzuri, ingawa aina zinazowahi mbegu zinaweza zikawa hazijakolea na tunda tamu tayari. Mwisho wa yote lionje, ukisikia ulimi unakauka kama umelamba unga, hilo bado, wanga wake haujageuka sukari.

Mti wenyewe nao una mpangilio, matunda ya nje na ya juu yanayopigwa jua yanatangulia, ya ndani kivulini yanafuata baadaye. Kwa hiyo ukiona ya ndani magumu usidhani mti mzima mbichi, zunguka upande wa jua.

Kuchuma kwenyewe: shika tunda kwa kiganja chote, sio kwa ncha za vidole, liinue juu kama unataka kulipindua kichwa chini na ulisokote kidogo. Lililoiva linaachia lenyewe na kikonyo chake. Likigoma liache, halijawa tayari, usilivute. Ukivuta unang'oa na kile kijitawi kifupi kinachobeba tunda, na kwenye kijitawi hicho ndo kuna tumba la maua ya mwakani, yaani umechuma mavuno mawili kwa mkupuo. Kikonyo kibaki kwenye tunda, kikichomoka kinaacha kidonda ambacho uozo unaingilia.

Halafu laza, usirushe. Watoto tumewafundisha kubeba kama yai na ukweli wanafanya vizuri kuliko mume wangu. Mchubuko hauonekani palepale, unatokea kesho yake ukiwa ushasahau nani alirusha. Ngazi kama ipo ni ya mtu mzima, mwingine ameshika chini, na watoto wachume yale ya kimo chao. Mashamba mengi ya siku hizi yana miti mifupi ya mita 2 au 3 kwa sababu imebebeshwa kwenye mashina ya kudumaza, kwa hiyo hata ngazi yenyewe huenda usiihitaji.

Hatua ya 5: Chambua palepale chini ya mti

Hii hatua ndo imeokoa nyumba yangu. Maboksi matatu, andika na kalamu: KULA, KUTUNZA, KUPIKA.

KUTUNZA ni aina zinazochelewa tu, mazima, yenye kikonyo, bila doa wala mchubuko, saizi ya kati. Makubwa sana yanawahi kulegea. KULA ni aina zinazowahi, na yale mazuri ya kuangalia. KUPIKA ni yaliyochubuka leo, yenye makovu, yenye umbo la ajabu, hata lenye tundu la funza, unakata pale mahali na kuendelea. Kovu kavu la ngozi au vidoa vya kahawia vya juu juu havina neno, ni sura tu.

Yaliyoanguka chini je? Likiwa limeanguka leo, gumu, halijapasuka, liokote liende KUPIKA, kupika kwa moto kweli sio kukamua juisi ya kunywa mbichi. Chini kuna kinyesi cha wanyama na ndege na vijidudu vya kuharisha vinapanda kwenye tunda. Lenye ukungu au uozo liache hapohapo, usikate upande mmoja ukala mwingine, kuna sumu ya ukungu inaitwa patulini na kuipika hakuitoi yote.

Hatua ya 6: Mkifika nyumbani

Najua mmechoka, ila usiache maboksi kwenye gari, joto la gari kwa mchana mmoja linaweza kufanya kazi ya wiki.

Ya KUTUNZA usiyaoshe. Ule ungaunga mweupe kwenye ganda ni nta ya tunda lenyewe, inazuia lisinyauke. Utaosha siku ya kula. Funga moja moja kwa gazeti, panga safu moja au mbili, weka sehemu ya baridi na giza, nyuzi 0 mpaka 4 ndo penyewe, kwenye friji tumia mfuko wenye vitundu ili unyevu usikimbie. Tufaha kwenye joto la sebuleni linalainika mara nyingi haraka zaidi kuliko kwenye friji, bakuli la mezani weka ya siku tatu nne tu.

Matufaha yanatoa gesi ya ethilini, ni hiyohiyo inayoivisha matunda. Moja likioza linatoa nyingi, na majirani zake wanaiva kwa kasi na kuoza nao. Ndo kilichotokea kwenye boksi langu. Kwa hiyo kila wiki mtu mmoja apitie boksi, kwetu ni kazi ya Jumamosi ya binti wa miaka 9, ana pua ya polisi huyo. Karoti na mboga za majani ziweke mbali na matufaha, karoti zinakuwa chungu na majani yanageuka njano.

Hatua ya 7: Jikoni

Anza na boksi la KUPIKA usiku huohuo au kesho yake, hayo hayangoji.

Mimi naanza na rojo kila mwaka kwa sababu linameza matunda mengi kwa wakati mmoja na watoto wote wanapata cha kufanya. Kilo 2, osha, menya, toa katikati kwenye mbegu, kata vipande vya saizi moja ili viive pamoja. Tia kwenye sufuria nzito na robo kikombe mpaka nusu kikombe cha maji, sio zaidi, tufaha lenyewe lina maji yake. Limau nusu. Funika, moto wa chini, dakika 15 hadi 25 ukikoroga mara mojamoja chini isishike. Yakishalainika ponda kwa mwiko ukitaka mabongemabonge au piga blenda ukitaka laini. Sukari weka mwisho baada ya kuonja, ukichanganya aina tamu na chachu mara nyingi hata haihitajiki. Mdalasini kijiti kimoja tangu mwanzo, ukitumia wa unga weka mwishoni. Kwa mtoto mdogo anayeanza kula acha sukari kabisa, na wale wadogo chini ya miaka minne tufaha bichi usiwape vipande vigumu, vinakaba, likwangue au lipike.

Ah na usitie mbegu kwenye blenda. Mbegu nzima ukimeza moja mbili zinapita tu, zikisagwa nyingi zinatoa sianidi.

Rojo linakaa friji kama wiki moja, friza miezi kadhaa, acha nafasi juu ya chombo maana likiganda linavimba. Ukitaka ya kukaa kabatini, jaza moto kwenye chupa za jamu zilizochemshwa, ukiacha kama sentimeta moja juu, funga, zamisha chupa nzima kwenye maji yanayochemka: za nusu lita dakika 15, za lita 1 dakika 20. Wanaoishi milimani ongezeni muda, huko maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100.

Likibaki rojo usiku ligeuze la kupaka mkate. Limwage kwenye treyi ya kina, ongeza sukari kidogo, mdalasini, karafuu chembe, ingiza oveni nyuzi 120 masaa matatu hivi, koroga kila nusu saa. Linapungua, linakuwa kahawia, nyumba nzima inanukia. Jaribu kwa kudondosha kijiko kwenye sahani baridi, kama hakuna maji yanayojitenga pembeni, toa.

Ya kuoka yenye makombo juu ndo rahisi kuliko pai na mi sioni aibu kusema tunaipenda zaidi. Kilo moja ya matufaha yaliyokatwa vipande vinene, vijiko vitatu vya chakula vya sukari, maji ya limau, mdalasini, yote kwenye bakuli la oveni. Juu: unga wa ngano gramu 150, siagi BARIDI gramu 100, sukari gramu 75, konzi moja ya oti, chumvi kidogo. Sugua siagi na unga kwa ncha za vidole mpaka iwe kama makombo ya mkate, hii kazi wape watoto lakini waambie waache mapema, wakifinyanga sana joto la mikono linayeyusha siagi unapata donge badala ya makombo. Mwaga juu bila kukandamiza, nyuzi 180, dakika 40 mpaka 45, ukiona juisi inatokota pembeni na juu pamekuwa rangi ya dhahabu imeiva. Iache ipoe robo saa, ukila palepale utaungua ulimi na juisi bado nyepesi.

Ya kukausha: kata duara za milimita 5, loweka dakika 10 kwenye maji ya limau yasigeuke kahawia, futa, panga kwenye waya bila kupandana, oveni kwenye moto wake wa chini kabisa, nyuzi 60 mpaka 70, mlango uachie upenyo wa mwiko, masaa 6 hadi 8. Yako tayari yakipinda kama ngozi na ukikata hakuna unyevu. Weka kwenye chupa wiki nzima ukiitikisa kila siku, ukiona jasho kwenye kioo rudisha oveni.

Ya friza: vipande, maji ya limau, tandaza kwenye treyi yagande yakiwa mbalimbali, ndo utie kwenye mifuko ya kilo moja moja ukiandika tarehe. Yanapotoka yanakuwa malegevu, kwa hiyo ni ya kuoka na kupika tu.

Sasa yale maganda na katikati uliyotoa, usitupe! Humo ndo kuna pektini nyingi, ile inayofanya jamu igande. Yale safi yasiyo na uozo tia sufuria kubwa, mwaga maji yafunike, chemsha taratibu dakika 40. Tandika kitambaa safi kwenye chujio, mwaga, liache lidondoke usiku kucha kwenye bakuli, na usikamue hata mkono ukikuwasha, ukikamua jeli (ile jamu laini isiyo na vipande) inakuwa na mawingumawingu, haitoki angavu. Asubuhi pima: kila lita 1 ya maji yale sukari gramu 750 na limau moja, chemsha kwa moto mkali kwenye sufuria pana maana inafura, ukiwa na kipimajoto toa ikifika nyuzi 105. Kama huna, weka sahani friza, dondosha tone, subiri dakika moja, lisukume kwa kidole, uso ukijikunja imeganda. Jaza kwenye chupa za moto, funga. Rangi inatoka waridi kama ulimenya matufaha mekundu, dhahabu kama ni ya njano. Mwaka jana yetu ilitoka waridi iliyofifia, chupa nne, na tatu ziliisha kabla hatujamaliza boksi la KUTUNZA.